Kikague Chumba Kabla ya Kulipa Kodi

Kila ifikapo mwezi wa Oktoba mji wetu wa Moshi hupokea wageni wengi. Mabasi huteremsha vijana wenye masanduku, ndoo, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, na bahasha ya vyeti mkononi. Wengine wanakwenda Chuo Kikuu cha Ushirika, wengine Mwenge, wengine vyuo vya afya pale KCMC, na wengine wanapanda mlimani, Kibosho, Mweka, Marangu na Mwika. Mabweni hayawatoshi wote. Basi wanatafuta vyumba vya kupanga: Longuo, Rau, Majengo, Pasua, Soweto, Kiborloni, na katika nyumba zilizo kando ya migomba huko juu.

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya utazungumzia vyumba hivyo. Huenda msomaji akauliza: muuguzi ana habari gani na mambo ya kupanga nyumba? Nitajibu kwa kisa kimoja.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati wa baridi, nilikuwa namalizia zamu ya usiku. Wasichana wawili wa chuo waliletwa kwa bajaji. Jioni iliyotangulia walikuwa wamebandika makande kwenye jiko la mkaa nje ya mlango. Manyunyu yakaanza, baridi ikazidi, wakaliingiza jiko ndani. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Wakafunga dirisha, wakaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga, wakala, wakalala. Kulipokucha wenzao waligonga bila kujibiwa, wakavunja mlango.

Mmoja tulimwekea oksijeni, akazinduka mchana. Mwenzake alifika akiwa ameshakufa. Alikuwa na miaka 20.

Baba yake alifika kesho yake kutoka mkoa wa mbali. Hakulia mbele yetu. Aliniuliza jambo moja tu: "Sista, hicho chumba chenyewe kilikuwaje?" Alikuwa ametuma kodi ya miezi sita kwa simu, na hakuwahi kukiona. Wenzao walituambia kwamba chumba kilikuwa kizuri: rangi mpya, vigae sakafuni, mlango imara. Lakini hakikuwa na mahali pa kupikia, wala tundu la hewa zaidi ya dirisha moja. Siku ya kukiangalia, hakuna aliyeuliza: mvua ikinyesha, tutapikia wapi?

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niandike. Chumba kibaya hakimpi mtu hasara ya fedha tu. Wagonjwa wengi vijana tunaowapokea, ukiwauliza wanakolala, unaanza kuuona ugonjwa wao kabla hata hujaona majibu ya maabara.

MAMBO MATANO YA ZAMANI

Sisi wauguzi tulipokuwa chuoni tulifundishwa habari za Florence Nightingale, yule mwanamke Mwingereza aliyewauguza askari katika vita ya Crimea. Mwaka 1859 aliandika kitabu kidogo kwa ajili ya wanawake wa kawaida wanaouguza wagonjwa nyumbani. Humo alitaja mambo matano yanayoifanya nyumba iwe na afya: hewa safi, maji safi, njia nzuri ya kuondoa maji machafu, usafi, na mwanga. Wakati huo wataalamu hawakuwa hata wamevigundua vijidudu vya kifua kikuu. Robert Koch alivitangaza mwaka 1882. Hata hivyo mambo yale matano hayajachakaa. Kijana akienda kukiangalia chumba, na ayashike kwenye vidole vyake vitano. Mimi nitaongeza mawili ya wakati wetu: umeme na moto, na usalama wa mwenye kukaa humo.

1. HEWA

Ukiingia chumbani, usisifie rangi kwanza. Funga mlango na dirisha, kaa humo dakika kumi, vuta pumzi. Je, unasikia harufu ya ukungu? Pazia au kabati halikuwekwa kuficha ukuta wenye madoa meusi? Ukuta unaotoa unyevunyevu na ukungu huwaletea shida watu wenye pumu na mafua yasiyokwisha, na huku mlimani wakati wa ukungu na baridi kuanzia Juni hadi Agosti hali huwa mbaya zaidi.

Kisha fungua dirisha. Je, linafunguka kweli, au limepigiliwa misumari? Chumba kizuri kina matundu mawili ya hewa yanayotazamana, dirisha upande mmoja na mlango au dirisha jingine upande wa pili, ili hewa ipite. Matundu madogo juu ya dirisha yasiyozibika ni bora zaidi, kwa sababu yanafanya kazi hata usiku tukiwa tumefunga madirisha kwa kuogopa wezi.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Mtoto wa marehemu dada yangu alisoma chuo hapa hapa mjini. Nilimlipia kodi ya mwaka mzima na sikwenda hata mara moja kuona anakolala, mimi ninayefundisha wengine kila siku. Alipokohoa mwezi mzima ndipo nilipokwenda. Nilikuta vijana wanne katika chumba cha vitanda viwili, na dirisha limezibwa kwa mbao kwa sababu waliwahi kuibiwa. Vipimo vilionyesha kifua kikuu. Alitumia dawa miezi sita, akapona, na wenzake nao walipimwa. Lakini mwaka wake wa masomo ulipotea.

Kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, na hupenda vyumba vilivyofungwa vyenye watu wengi. Hewa ikipita, vijidudu hupungua. Jua likiingia, hufa. Kwa hiyo ulizeni pia: chumba hiki tutakaa wangapi? Nafuu ya kugawana kodi watu wanne inaweza kuwa ghali sana. Na kikohozi kikifika wiki mbili, usinunue dawa za kifua dukani; nenda ukapimwe. Matibabu ya kifua kikuu hapa nchini hutolewa bila malipo.

Sasa turudi kwenye mkaa. Moshi tunauona, unatuwasha macho, tunaukimbia. Lakini mkaa unaowaka hutoa hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, na haiwashi macho. Ukiivuta, huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hushindwa kubeba oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Kama amelala, hapati hata nafasi ya kujua. Wengi hudhani kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukiisha basi hatari imekwisha. Sivyo. Kuufunika kwa majivu pia hakusaidii. Jiko la mkaa halilali chumbani na mtu, hata kwa nusu saa, hata kama baridi ni ya namna gani. Baridi dawa yake ni blanketi zito, soksi na sweta.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye nyumba ni hili: "Jiko liko wapi, na mvua ikinyesha tunapikia wapi?" Kama hakuna banda wala veranda yenye paa, chumba hicho hakifai kwa mtu anayetumia mkaa. Mwenye kutumia gesi naye ajue kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini sakafuni. Mtungi ukae penye upenyo wa hewa chini, mbali na kitanda. Ukisikia harufu yake, usiwashe taa wala kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango, toka nje.

Na ukikuta watu wamelala chumbani penye jiko na hawaamki? Fungua mlango na madirisha, watoe nje kwenye hewa haraka, nawe usikawie humo ndani. Anayepumua mlaze ubavu. Mpeleke hospitali upesi akapewe oksijeni. Watu wengi hupoteza muda wakitafuta maziwa ya kumnywesha. Maziwa hayaondoi hewa hii katika damu, na mtu asiye na fahamu akinyweshwa kitu humpalia.

2. MAJI

Usiridhike na kuonyeshwa bomba. Lifungue. Kama halitoi, uliza yanatoka siku zipi na saa ngapi, na siku yasipotoka watu huteka wapi. Uliza bili inalipwaje: imo ndani ya kodi, au wapangaji huchanga? Nimeona nyumba yenye bomba zuri lililokatwa kwa sababu wapangaji saba walibishana juu ya bili, na wote wakawa wanateka mtoni.

Kama kuna simtanki, angalia kama lina mfuniko na lini lilisafishwa. Kama kuna kisima, pima kwa hatua: choo cha shimo kiwe umbali usiopungua mita 30, tena kisiwe upande wa juu wa kisima. Katika nchi yetu ya miteremko jambo hili ni la maana sana, kwani uchafu hufuata mteremko chini ya ardhi.

Huku juu mlimani wengi wetu tumekulia kwenye mifongo, ile mifereji ambayo wazee walichimba kuleta maji mashambani. Maji yale ni baridi na meupe, na mgeni hudhani ni salama kwa kuwa yanatoka mlimani. Lakini mfongo umepita mashambani, mabandani kwa ng'ombe na penye watu wanaofua. Maji ya mfongo, ya kisima, na hata ya bomba yaliyokaa kwenye dumu, yachemshwe mpaka yatokote vizuri, kisha yakae katika chombo kisafi chenye mfuniko. Homa ya matumbo, kuhara damu na kipindupindu havichagui mwenye shahada.

Neno moja juu ya madini ya floridi. Katika baadhi ya sehemu za tambarare kati ya Kilimanjaro na Meru maji ya ardhini yana floridi nyingi, ndiyo sababu wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Kijana ambaye meno yake yameshaota hatabadilika meno, ila familia yenye watoto wadogo inayotaka kupanga huko na iulize chanzo cha maji.

3. CHOO NA MAJI MACHAFU

Watu huona haya kuomba kuonyeshwa choo. Usione haya, utakitumia kila siku. Hesabu milango ya vyumba na hesabu vyoo. Nyumba ya vyumba kumi yenye choo kimoja, ambapo kila chumba kina watu wawili, ni watu 20 wanaosubiriana asubuhi. Angalia kama sakafu ya choo ni imara na inasafishika, kama shimo lina mfuniko, kama mlango unafungwa kwa ndani, kama kuna maji na sabuni ya kunawa karibu. Tembea nyuma ya nyumba: je, chemba inavuja? Maji ya bafu yanakwenda wapi? Yakisimama karibu na dirisha lako, utaishi na inzi na mbu.

Kwa mabinti, naomba nisiseme kwa kuficha. Uliza wapi pa kutupia au kuchomea taulo za kike, na kama bafu lina faragha ya kutosha kujisafisha wakati wa hedhi. Uliza pia kama choo kiko nje, na kama njia yake ina taa usiku. Msichana anayeogopa kwenda chooni usiku hubana mkojo au huacha kunywa maji, na hao ndio tunaowapokea na maambukizi ya njia ya mkojo.

4. USAFI NA WADUDU

Kama chumba kina kitanda cha mwenye nyumba, inua godoro. Tazama maungio ya kitanda na mishono ya godoro: vidoa vyeusi kama vya wino ni alama ya kunguni. Inua macho kwenye dari: mavi ya panya, madoa ya mvua, silingibodi iliyoliwa. Uliza takataka hutupwa wapi na huondolewa lini.

Mbu nao hutofautiana kwa mahali. Kule juu Kibosho au Marangu baridi huwapunguza, lakini ukishuka Pasua na Mabogini, penye mashamba ya mpunga na maji yaliyosimama, malaria ipo. Kijana aliyekulia juu mlimani asijidanganye kwamba amezoea; mwili wake hauna kinga kama ya aliyekulia tambarare. Angalia kama madirisha yana wavu usiotoboka, na kama kuna mahali pa kufungia chandarua. Mapipa na ndoo za maji zisizofunikwa ndani ya ua huzalisha mbu wanaouma mchana na kuleta homa ya dengi.

5. MWANGA

Chumba kinachowashiwa taa saa sita mchana si chumba cha kusomea. Mwanga wa jua hukausha unyevu, huua vijidudu, na humwezesha mtu kuona uchafu. Tazama dirisha linaelekea wapi. Kama linatazamana na ukuta wa jirani umbali wa mkono mmoja, jua halitaingia mwaka mzima.

6. UMEME NA MOTO

Tazama soketi na swichi. Zilizolegea, zilizoungua pembeni, au waya zilizounganishwa kwa mfuko wa plastiki ni hatari. Usiguse ukuta wenye maji karibu na swichi. Uliza kama mita ya LUKU ni ya chumba chako au ya nyumba nzima, na kama ni ya nyumba nzima, mnagawanaje. Ugomvi wa umeme ndio huwafanya vijana waunge waya kienyeji usiku. Na hita za kuchemshia maji ndani ya ndoo zimeua watu; usitie mkono kwenye ndoo kabla ya kuchomoa waya ukutani.

Juu ya moto, mkoa wetu una jeraha lisilosahaulika. Mwezi wa Juni mwaka 1994 bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua usiku na wasichana 42 wakafa. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni Idodi, Iringa. Wazazi wa watoto wale walikuwa watu kama sisi. Basi tusiingie chumba chochote bila kujiuliza: moto ukiwaka mlangoni, nitatokea wapi? Nyumba zetu nyingi zina nondo kila dirisha na mlango mmoja tu. Tafuta nyumba ambayo angalau dirisha moja lina nondo zinazofunguka kwa ndani. Kama korido ina geti linalofungwa usiku, uliza ufunguo unakaa kwa nani. Kama unakaa kwa mwenye nyumba anayelala mtaa mwingine, hapo si pa kulala. Usilale na mshumaa ukiwaka. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani.

7. USALAMA NA MAKUBALIANO

Angalia kitasa na komeo la ndani. Uliza nani mwingine ana ufunguo, na omba ruhusa ya kubadili kitasa. Pita njia ya kutoka chuoni hadi nyumbani saa mbili usiku, si mchana tu, ukiwa na mwenzako. Sikiliza kama jirani kuna baa au mashine ya kukoboa. Usingizi nao ni afya.

Binti yangu, kodi iliyolipwa na mwanamume asiye ndugu yako huja na masharti, hata kama hayakutajwa siku ya kwanza. Na kama mwenye nyumba au jamaa yake anakusumbua, usinyamaze kwa kuogopa kufukuzwa. Waambie wazazi, mwenyekiti wa mtaa, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Usimlipe dalali wala mtu yeyote kabla hujakiona chumba kwa macho yako na kuhakikisha kwamba anayepokea fedha ndiye mwenye nyumba. Majirani humjua, waulize. Familia za jumuiya ndogo ndogo ya mtaa huo zitakuambia kweli kuliko dalali. Makubaliano yaandikwe: kiasi cha kodi, muda, maji na umeme, nani anatengeneza kinachoharibika, na notisi ni ya muda gani. Andika pia ubovu uliokuta siku ya kuingia, msije mkadaiwa kioo kilichovunjika kabla yenu. Dai risiti. Kisha jitambulishe kwa serikali ya mtaa.

LINI KWENDA KUANGALIA

Vijana wetu hupanga mwezi wa Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu. Nyumba yoyote huonekana nzuri wakati wa ukavu. Masika huja kati ya Machi na Mei, kodi ikiwa imeshalipwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mvua zilileta mafuriko sehemu nyingi za nchi, na Moshi nayo haikusalimika. Kwa nyumba zilizo karibu na mito ya Rau, Karanga na Njoro, tafuta mstari wa maji ukutani kwa nje, na umwulize mama wa genge la jirani: "Masika iliyopita maji yalifika wapi?" Yeye hana sababu ya kukudanganya. Ikiwezekana, nenda mara mbili: mara moja mchana, mara moja jioni.

KWETU WAZAZI

Tunakagua mbegu kabla ya kununua, tunakagua ng'ombe meno na kiwele, lakini chumba atakacholala mtoto wetu miaka mitatu tunakilipia kwa simu. Kama huwezi kusafiri, mwombe ndugu, rafiki au mtu wa parokia aliye karibu akakitazame. Mwambie kijana akupigie picha choo, mahali pa kupikia na dirisha, si kitanda tu. Na unapotuma fedha za kodi, tuma na za blanketi, chandarua, na za mtungi mdogo wa gesi kama unaweza. Wasichana wale wawili hawakuwa wajinga. Walikuwa na baridi, na hawakuwa na kitu kingine cha kuwapa joto.

NA KWETU WENYE NYUMBA

Najua wengi wanaosoma ukurasa huu wana vyumba viwili vitatu vya kupangisha uani. Si dhambi, kodi hiyo ndiyo inayosomesha watoto wetu wenyewe. Lakini mpangaji naye ni mtoto wa mtu. Mabati machache na nguzo nne hutosha kujenga banda la kupikia. Fundi anaweza kutoboa matundu ya hewa juu ya madirisha kwa siku moja, na kutengeneza nondo zinazofunguka kwa ndani. Taa moja kwenye njia ya choo haiwezi kumfilisi mtu. Ukiona mpangaji anaingiza jiko ndani kwa ajili ya mvua, usipite kimya ukisema ni mambo yake.

MASWALI YA KUKATA NA KUBEBA

Kateni sehemu hii mumpe kijana anayekwenda kutafuta chumba:

Hewa inapita, na dirisha linafunguka? Mvua ikinyesha, nitapikia wapi? Tutalala wangapi? Maji yanatoka lini na wapi? Choo kimoja watu wangapi, na njia yake ina taa? Kuna ukungu, kunguni, panya, mbu? Jua linaingia? Waya na soketi ni salama? Moto ukiwaka nitatokea wapi, na ufunguo wa geti uko kwa nani? Nani mwingine ana ufunguo wa mlango wangu? Masika maji hufika wapi? Makubaliano yameandikwa na risiti ipo?

Chumba chenye majibu mazuri yote ni adimu, nami ninajua kwamba fedha za mwanafunzi hazitoshi kuchagua sana. Rangi mbaya hupakwa upya, wavu uliotoboka hushonwa, kunguni hupuliziwa dawa. Lakini mambo matatu usiyakubali hata kwa kodi ya nusu bei: chumba kisichopitisha hewa, chumba kisicho na mahali pa kupikia nje, na chumba ambacho huwezi kutoka mwenyewe usiku.

Yule msichana aliyezinduka alirudi chuoni baada ya majuma machache. Kabla ya kuhama alikuja wodini kutuaga, akaniomba niende naye kukiangalia chumba kipya. Tulikwenda siku yangu ya mapumziko. Mwenye nyumba alitushangaa tulipofunga mlango na kukaa humo kimya dakika kumi. Tulipomweleza sababu, naye aliingia akakaa nasi.